Mbao zilizogeuka mawe: Jinsi miti ya koni ya kale inavyotambuliwa

MTI ulio hai haumpi mtaalamu taabu kubwa kuutambua. Hutazama jani, ua, tunda na gome lake, kisha akautaja kwa jina. Lakini mti uliokufa mamilioni ya miaka iliyopita kwa kawaida huwa umepoteza vitu hivyo vyote. Kinachosalia ni kipande cha shina, nacho kimegeuka jiwe. Mchungaji anaweza kukikalia kipande hicho mwaka baada ya mwaka bila kujua kwamba amekalia gogo.

Hata hivyo, ndani ya mawe ya namna hiyo mara nyingi mmehifadhiwa jambo ambalo macho matupu hayalioni: umbo la seli za mti, moja baada ya nyingine, katika mpangilio uleule zilipokuwa zikipitisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Mpangilio huo ndio unaowawezesha wanasayansi kusema kama gogo lilitokana na mti wa maua au mti wa koni, yaani jamii inayojumuisha misonobari, mitarakwa, saiprasi na podo.

Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanywa, mahali inapohusu Kenya na majirani zake, na mpaka ambao haiwezi kuuvuka. Mpaka huo ni muhimu kama elimu yenyewe, kwa sababu jina moja lililotolewa kwa pupa laweza kupotosha historia ya nchi nzima.

Kakamega na majirani zake

Wakazi wa Kakamega wanaishi juu ya miamba mikongwe mno. Miamba iliyowavuta wachimbaji wa dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikiwemo ile ya mgodi wa Rosterman karibu na mji wa Kakamega, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wakati huo hapakuwa na mti hata mmoja duniani. Miti ya kwanza ilitokea yapata miaka milioni 385 iliyopita, ya koni ikafuata yapata miaka milioni 310 iliyopita, na mimea ya maua ilianza kuenea miaka milioni 130 hivi iliyopita. Anayetafuta ubao wa kale ndani ya mwamba wa dhahabu ni sawa na anayemtafuta mjukuu kabla babu hajazaliwa.

Lakini ukitoka Kakamega kuelekea kaskazini au kusini, habari hubadilika. Upande wa kaskazini umesimama Mlima Elgon, volkano iliyozimika zamani. Katika kuta za pango la Kitum, upande wa Trans Nzoia, ambako tembo huingia kukwangua chumvi, mna magogo yaliyogeuka mawe yakiwa yamenaswa ndani ya majivu ya volkano yaliyoganda. Upande wa Uganda wa mlima huohuo, mahali paitwapo Bukwa, yamepatikana mabaki ya mimea na wanyama yenye umri wa miaka milioni 19 hivi.

Upande wa kusini, katika Kisiwa cha Rusinga ndani ya Ziwa Victoria, kumehifadhiwa matunda, mbegu, majani na visiki vya msitu wa miaka milioni 18 hivi iliyopita. Mwaka wa 2014 watafiti walichapisha maelezo ya visiki na mizizi hiyo. Walieleza kwamba hapo palikuwa na msitu wenye miti iliyofungamana vileleni, na kwamba nyani wasio na mkia wa nyakati hizo, wale ambao kwa miaka mingi waliitwa Proconsul, waliishi ndani ya msitu huo.

Kakamega yenyewe ina jambo jingine ambalo elimu hii haiwezi kulikosa, nalo ni miti hai. Msitu wa Kakamega, wenye eneo la kilomita mraba 240 hivi, ndio masalio ya mashariki kabisa ya misitu ya mvua ya Kongo yaliyobaki nchini Kenya. Kando ya miti yake ya asili serikali ilipanda mashamba ya saiprasi na ya misonobari, miti ambayo asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Kwa hiyo katika eneo dogo mtu hupata mbao za makundi yote mawili, ya maua na ya koni, na somo la kwanza laweza kufanyiwa katika karakana ya seremala.

Jinsi mti unavyogeuka jiwe

Gogo likianguka msituni, mchwa, kuvu na bakteria hulimaliza katika miaka michache. Ili lihifadhiwe ni lazima lizikwe upesi mahali pasipo na hewa ya kutosha, kama vile chini ya majivu ya volkano, matope ya mto au mchanga wa delta. Baada ya hapo maji yenye madini hupenya ndani yake. Madini yanayotenda kazi hiyo mara nyingi ni silika, ambayo hutoka kwa wingi katika majivu ya volkano. Pengine huwa ni chokaa.

Madini hujaza nafasi zilizo ndani ya seli, hukaa katika kuta zake, na polepole huganda. Kama kazi hiyo imetangulia kuoza, kila seli hubaki na umbo lake. Ndiyo sababu jiwe moja laweza kuonyesha vitu vidogo kuliko unene wa unywele.

Si kila gogo la jiwe huwa na bahati hiyo. Visiki vya Rusinga vingi ni vielelezo vya umbo tu: shina lilizikwa, likaoza, na shimo lililobaki likajazwa udongo ulioganda. Kisiki kama hicho husema mti ulisimama wapi, ulikuwa mnene kiasi gani na jirani yake alikuwa umbali gani, lakini hakina seli za kusomwa. Mtaalamu wa mbao hana la kufanya nacho. Hubidi atafute majani na mbegu zilizo karibu.

Njia nyingine ya kuhifadhiwa ni moto. Ubao uliogeuka makaa hauliwi na wadudu wala kuvu, na seli zake huweza kudumu muda mrefu sana. Makaa ya kale, kama tutakavyoona, yamewapa wanasayansi habari nyingi kuhusu Afrika Mashariki.

Swali la kwanza: Ni mti wa koni au wa maua?

Chukua kipande cha mvule na kipande cha msonobari. Kata ncha ya kila kimoja kwa wembe mkali, kisha utazame kwa lenzi ya mkono. Katika mvule utaona vitundu vya duara vilivyotawanyika kama matobo ya sindano. Vitundu hivyo ni midomo ya mishipa mipana inayosafirisha maji. Katika msonobari hutaviona. Utakachoona ni uso laini wenye mistari ya pete, na pengine vidoa vichache vya utomvu.

Tofauti hiyo ndiyo mlango wa elimu yote hii. Mti wa koni hauna mishipa ile mipana. Takribani asilimia 90 ya ubao wake ni seli za aina moja ziitwazo trakeidi, ndefu na nyembamba, zenye urefu wa milimita chache tu. Seli hizo hufanya kazi mbili kwa pamoja: husafirisha maji na hushikilia mti usianguke. Kati yake hupita mistari myembamba ya seli laini kutoka kiini kwenda gome, nayo huitwa miale.

Iwapo jiwe linaonyesha vitundu vya mishipa, suala la koni limekwisha. Iwapo halionyeshi, uchunguzi ndio kwanza unaanza, maana hata kanuni hii ina watu wake wa pembeni. Kuna miti michache ya maua isiyo na mishipa, mmojawapo ukiwa Takhtajania wa Madagaska. Katika Afrika bara hakuna mti wa asili wa kundi hilo ulio hai leo, lakini mtaalamu mwangalifu hulikumbuka jambo hilo kabla ya kutoa hukumu.

Mikato mitatu

Jiwe haliwezi kusomwa kwa upande mmoja. Ufundi wa kulikata ulikomaa mapema katika karne ya 19 mjini Edinburgh, ambako William Nicol alikuwa akisaga vipande vya mawe hadi vikapitisha mwanga. Henry Witham alitumia ufundi huo kuchunguza miti ya kale na akachapisha kitabu mwaka wa 1831. Vifaa vimebadilika tangu hapo, lakini hatua zimebaki zilezile.

Kwanza jiwe hukatwa kwa msumeno wenye chembe za almasi. Upande mmoja wa kipande husuguliwa hadi ukawa laini, hugandishwa kwenye kioo, kisha upande wa pili husagwa kwa unga mkali mpaka kipande kibaki na unene wa milimita 0.03 hivi. Hapo mwanga wa hadubini hupita, na jiwe lililokuwa jeusi huonyesha ubao.

Mikato inayohitajika ni mitatu. Wa kwanza ni wa kukingama, kama mtu anayekata gogo la kuni kwa msumeno. Huonyesha pete za ukuaji, upana wa seli na mifereji ya utomvu kama ipo. Wa pili huelekea kiini, kama mtu anayepasua gogo kwa shoka kupitia katikati. Huonyesha kuta za trakeidi na mahali miale inapokutana nazo. Wa tatu hupita sambamba na gome, nje ya kiini, na huonyesha ncha za miale: kimo chake na idadi ya safu za seli zake.

Mkato wa pili ndio wenye thamani kubwa zaidi kwa miti ya koni. Aliye na mkato wa kukingama pekee ni kama shahidi aliyemwona mshukiwa mgongoni.

Vishimo vinavyotaja ukoo

Kila trakeidi ina vishimo vidogo katika ukuta wake ambamo maji hupita kutoka seli hadi seli. Chini ya hadubini kishimo huonekana kama duara lenye duara dogo katikati, mfano wa sarafu ya senti kumi ya enzi ya mkoloni iliyokuwa na tundu. Namna sarafu hizo zinavyopangwa ni alama ya ukoo.

Katika jamii ya araukaria, miti ambayo leo hukua kiasili Amerika ya Kusini, Australia na visiwa vya Pasifiki, na ambayo hapa kwetu hupandwa kama pambo, vishimo husongamana. Hupangwa kwa zamu, cha safu hii kikiingia kati ya viwili vya safu ile, na kwa kubanana huku hupata pembe sita kama vyumba vya sega la nyuki. Katika misonobari, saiprasi, mitarakwa na podo vishimo huachiana nafasi na kubaki na umbo la duara. Huwa katika safu moja, au vikiwa safu mbili huelekeana kama vifungo vya koti.

Alama ya pili hupatikana mahali mwale unapovuka trakeidi. Katika makutano hayo kuna vishimo vya aina nyingine, na umbo lake hutofautiana. Baadhi ya misonobari ina kimoja au viwili vikubwa kama dirisha lililo wazi. Saiprasi na mtarakwa huwa na vichache vidogo, kila kimoja kikiwa na mpasuko mwembamba. Araukaria huwa na vingi vilivyosongamana.

Alama ya tatu ni utomvu. Misonobari ina mifereji halisi ya utomvu, mingine ikisimama pamoja na shina na mingine ikilala ndani ya miale. Podo, mtarakwa na saiprasi hazina mifereji hiyo katika ubao wa kawaida. Badala yake mtarakwa na saiprasi huwa na seli zilizotawanyika zenye vitu vyeusi ndani, na harufu ya penseli tunayoijua hutokana na mafuta ya ubao wa jamii hiyo. Jiwe, bila shaka, halina harufu.

Kutofautisha podo na mtarakwa kwahitaji subira zaidi. Wataalamu hutazama kuta za ncha za seli zilizosimama katika ubao na zile za miale: katika mtarakwa mara nyingi zina vinundu, katika podo kwa kawaida ni laini. Mambo haya yote yameorodheshwa. Mwaka wa 2004 chama cha kimataifa cha wataalamu wa anatomia ya mbao kilichapisha orodha ya sifa za kutambulisha miti ya koni kwa hadubini, kama kilivyofanya kwa miti ya maua mwaka wa 1989. Anayechunguza jiwe hujaza orodha sifa kwa sifa, kisha hulinganisha na mbao za miti hai zilizohifadhiwa katika taasisi kama bustani ya Kew jijini London.

Mfano wa Tendaguru

Mfano bora wa kazi hii katika Afrika Mashariki unahusu kilima cha Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Mahali hapo palipata umaarufu kati ya mwaka wa 1909 na 1913, wakati msafara wa Wajerumani, ukitegemea nguvu za mamia ya wafanyakazi na wapagazi wenyeji, ulipochimba mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mmoja wao, anayeitwa sasa Giraffatitan, amesimamishwa katika makavazi ya Berlin.

Mifupa ilijulikana duniani kote, lakini swali moja lilibaki: wanyama wakubwa kiasi hicho walikula nini? Jibu halikuweza kutoka katika mifupa pekee. Wataalamu Herbert Süss na Stephan Schultka wa Berlin walichunguza mabaki ya mbao kutoka Tendaguru. Mwaka wa 2001 walieleza ubao walioupa jina la Glyptostroboxylon, kwa sababu vishimo vyake vya makutano vinafanana na vya Glyptostrobus, mti wa jamii ya saiprasi unaomea mabwawani nchini China. Mwaka wa 2006 walichapisha maelezo ya mbao nyingine za miti ya koni kutoka hapohapo, zilizohifadhiwa kama makaa.

Makaa hayo yanasema mambo mawili. La kwanza ni kwamba miti ya koni ilikuwa sehemu ya mandhari ya dinosaria wa Lindi. La pili ni kwamba palikuwa na moto. Hakuna mfupa ambao ungeweza kutoa ushahidi wa namna hiyo.

Jina la ubao si jina la mti

Msomaji atakuwa ameona kwamba Süss na Schultka hawakusema mti ule ulikuwa Glyptostrobus. Walisema ubao wake unafanana nao, na wakaupa jina lake lenyewe. Huo si woga, ni kanuni. Shina, jani na koni za mti mmoja huzikwa mahali tofauti na kupatikana na watu tofauti. Kwa hiyo kila kiungo hupewa jina lake mpaka siku vitakapopatikana vikiwa vimeungana. Majina mengi ya mbao za kale huishia kwa xylon, neno la Kigiriki lenye maana ya ubao.

Umuhimu wa kanuni hii waonekana Mazeras, karibu na Mombasa, mji ambao jina lake limepewa mawe yanayotandazwa katika nyua za nyumba nchini kote. Mchanga ulioganda wa eneo hilo, wenye umri wa takribani miaka milioni 200, una vipande vya miti vilivyogeuka silika. Ripoti za kijiolojia za karne iliyopita ziliviita Dadoxylon, jina lililotumiwa wakati huo kwa ubao wenye vishimo vya kusongamana kama vya araukaria.

Jina hilo sasa limeachwa na wengi kwa sababu halikukidhi kanuni za kutaja mimea. Wataalamu wengi hutumia Agathoxylon, lililotolewa na Hartig mwaka wa 1848. Lakini tatizo kubwa si la kanuni. Ubao wa aina hiyo ulikuwepo katika makundi mengi ya mimea ambayo hayakuwa araukaria: miti iliyotangulia koni, mimea ya kale yenye majani kama ya jimbi iliyozaa mbegu, na jamii za koni zilizokwisha kutoweka kabisa. Anayeona vishimo vya sega la nyuki katika jiwe la umri wa Mazeras ana haki ya kusema ameona ubao wa aina ya araukaria. Hana haki ya kusema ameona araukaria.

Hata palipo na umaarufu mkubwa pamewahi kutokea utata. Magogo ya msitu wa mawe wa Arizona, Marekani, kwa miongo mingi yaliitwa kwa jina moja, Araucarioxylon arizonicum. Mwaka wa 2007 mtafiti Rodney Savidge alirudi kwenye vipande vilevile vilivyotumiwa kulitoa jina hilo, akaonyesha kwamba havikuwa vya mti wa aina moja.

Ili kupunguza utata, Marc Philippe wa Ufaransa na Marion Bamford wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walichapisha mwaka wa 2008 mwongozo wa kutambua mbao za aina ya koni za enzi ya dinosaria. Bamford amechunguza pia mbao za kale za Olduvai na Laetoli nchini Tanzania.

Mitego inayomsubiri mchunguzi

Mtego wa kwanza ni sehemu ya mti. Ubao wa mzizi huwa na trakeidi pana kuliko ubao wa shina, na huweza kuwa na safu nyingi zaidi za vishimo. Ubao wa miaka ya kwanza ya mti, ulio karibu na kiini, haufanani na ule wa utu uzima wake. Mti mmoja waweza basi kupewa majina mawili au matatu na watu waliopata vipande tofauti.

Mtego wa pili ni jeraha. Baadhi ya miti ya koni ambayo kwa kawaida haina mifereji ya utomvu, ikijeruhiwa, huweza kufanya safu ya mifereji hiyo mahali pa kidonda. Mchunguzi asiyejua hilo ataita mti kama huo msonobari. Dalili ya kumwonya ni kwamba mifereji ya kidonda hujipanga katika mstari mmoja, ilhali ya msonobari hutawanyika.

Mtego wa tatu ni kuoza na madini yenyewe. Kuvu hutoboa kuta za seli na kuacha matundu yanayofanana na vishimo. Fuwele za silika nazo zikikua huzipasua kuta, zikafuta alama zilizokuwa muhimu.

Mtego wa nne ni pete. Katika nchi za baridi pete moja ni mwaka mmoja. Karibu na ikweta, ambako kuna mvua za masika na za vuli, mti waweza kuwa na pete mbili kwa mwaka au usiwe na pete dhahiri. Kuhesabu pete za gogo la kale la Afrika Mashariki na kutangaza umri wake ni jambo la kufanywa kwa tahadhari kubwa.

Gharama ya jina lisilo sahihi

Huenda mtu akauliza ubaya uko wapi jiwe likipewa jina la mti mwingine. Mfano wa Sibiloi unajibu. Katika Mbuga ya Taifa ya Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana, magogo ya mawe yametapakaa katika nchi kame isiyo na kivuli. Wageni huelezwa kwamba ni mabaki ya miti iliyo na udugu na mtarakwa, iliyoishi miaka milioni 7 hivi iliyopita.

Maelezo hayo ni mazito kuliko yanavyosikika. Mtarakwa wa leo, Juniperus procera, ni mti wa nyanda za juu, wa mahali penye ubaridi, kama miteremko ya Elgon na Aberdare. Podo nayo hupenda milima yenye unyevu. Kwa hiyo anayesema gogo la Turkana ni la mtarakwa anasema pia kwamba hali ya hewa ilikuwa tofauti kabisa na ya leo, au kwamba mto mkubwa ulibeba gogo hilo kutoka milimani. Kuchagua kati ya majibu hayo mawili kwahitaji kujua kama gogo lilikutwa limesimama juu ya mizizi yake au limelala ndani ya mchanga wa mto. Jina likikosewa, anayekosewa si mti peke yake. Hali ya hewa ya nchi nzima hukosewa pamoja nao, na pamoja na hali ya hewa, simulizi ya viumbe walioishi hapo, wakiwemo wazee wa kale wa binadamu.

Ndiyo sababu mahali jiwe lilipolala ni nusu ya ushahidi, na ndiyo sababu vipande vinavyookotwa na kubebwa kama pambo la mezani au la bustani ni hasara. Nchini Kenya jambo hilo pia ni la kisheria. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inalinda visukuku vyote, ya miti ikiwemo. Anayegundua kitu cha kale cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku 7, akieleza mahali na jinsi alivyokipata. Kukihamisha bila kibali ni kosa.

Kwa mwalimu, mkulima au mchimba mawe wa magharibi mwa Kenya anayeshuku kwamba amekutana na gogo la jiwe, hatua ni chache. Asilivunje wala kuliondoa. Apige picha akiwa ameweka sarafu au rula kando yake ili ukubwa uonekane. Aandike kama limesimama au limelala, limelalia upande gani, na limo ndani ya udongo wa aina gani. Kisha atoe taarifa. Kuna watu wenye misumeno, vioo na hadubini ambao wataifanya kazi iliyobaki.

Kipande kilichohamishwa bila maandishi bado kitaonyesha seli zake, na pengine kitatambuliwa ukoo wake. Lakini hakuna hadubini itakayosema kilitoka wapi.